Msema kweli na wajoli wake

 

Kiswahili kina misemo miwili ambayo haiwezi kulala chumba kimoja. Wa kwanza unasema msema kweli mpenzi wa Mungu. Huo tunawafundisha watoto. Wa pili tunausema taratibu, mara nyingi tukimpa pole mtu aliyeumia: msema kweli hana wajoli.

Vijana wengi hawalijui tena neno hilo. Mjoli ni mtumwa mwenzako, yule mnayemtumikia naye bwana mmoja. Biblia ya Union Version imelihifadhi katika Mathayo 18, kwenye mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa kisha akaenda kumkaba mwenzake kwa deni dogo. Kwa hiyo msemo wetu haulalamiki kwamba msema kweli amekosa marafiki wa kunywa naye chai. Unasema kwamba hata mtu wa hali yako, mliyebeba naye mzigo mmoja, atasogea pembeni siku utakapofungua kinywa.

Siku hizi jambo hili limepata jina jipya. Vijana wanasema fulani "amekanseliwa". Mtu katamka jambo, kipande cha sekunde chache kimekatwa kwenye maneno yake, jioni ameshabandikwa jina, asubuhi anaomba radhi, na mchana radhi yenyewe inachambuliwa kama mchele. Wazee wanatikisa kichwa na kusema ni mambo ya mitandao. Mimi siamini. Simu imeongeza kasi tu. Ugonjwa ulikuwepo.

Naandika kutoka Nachingwea, na bonde la Mbwemkuru linaloungana nasi na ndugu zetu wa Ruangwa ni nchi ya korosho na ufuta. Nenda kwenye mkutano wa AMCOS yoyote huku. Mwanachama anasimama, anauliza makato kwenye kila kilo yanakwenda wapi. Ni swali la hesabu. Jibu analopata mara nyingi si la hesabu. Anaambiwa yeye ni mtu wa kuja. Au ametumwa na chama fulani. Au hakuna anayesema lolote, watu wanatazamana tu kwa sababu muulizaji ni Mkristo na mwenyekiti ni Mwislamu, ama kinyume chake, na kila mmoja amekwisha kumsomea mwenzake moyo. Swali limekufa pale pale. Makato yanabaki vilevile, na yanamkata Mmwera, Mmakonde, Myao na Mmakua kwa kiwango kilekile.

Hapo ndipo penye shida yetu. Kabla hatujasikia kinachosemwa tunataka kujua anayesema ni wa nani. Na tukishajua ni wa nani, hatuoni tena haja ya kusikia.

Wilaya yetu ina kumbukumbu yake ya jambo hili, na kwa kweli hatuisimulii. Mgeni akija tunamweleza habari za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, na jinsi tulivyobaki na mahali panapoitwa Stesheni ingawa reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha, kwa fahari inayostahili, tunamweleza kwamba hapa ndipo FRELIMO walipokuwa na kambi yao kuu, kwamba Samora Machel aliwafundisha wapiganaji hapa, na kwamba uhuru wa Msumbiji ulipitia kwenye udongo wetu mwekundu. Yote ni kweli. Tunaishia hapo.

Mwezi Mei 1975, wiki chache kabla ya Msumbiji kupata uhuru tarehe 25 Juni, mchungaji alisimamishwa katika kambi ya Nachingwea mbele ya umati wa maelfu. Jina lake Uria Simango. Alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti kutoka Sofala, na FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 yeye alikuwa makamu wa rais, chini ya Eduardo Mondlane. Siku ile hakusimama kama mwanzilishi. Alisoma hati ndefu ya kujishtaki mwenyewe kwamba ni msaliti, akaomba msamaha. Samora ndiye aliyeongoza shughuli hiyo. Wafungwa wengine nao waliletwa mbele ya watu kwa namna hiyo: Joana Simeão, mwanasiasa mwanamke, Lázaro Nkavandame, Mmakonde wa Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Maungamo hayakuwaokoa. Simango na wenzake walipelekwa Msumbiji, wakafungwa, na baadaye wakauawa bila mahakama yoyote kuwahukumu. Celina, mke wa Simango, naye aliuawa. Watoto wao wakabaki yatima.

Alikuwa amefanya nini? Hapa naomba tusiende mbio, kwa maana ni rahisi kumgeuza mtu aliyeonewa kuwa mtakatifu, na hilo nalo ni uongo.

Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969. Uongozi ukawekwa mikononi mwa watu watatu: Simango, Samora na Marcelino dos Santos. Novemba mwaka huohuo Simango akaandika na kusambaza waraka kuhusu hali ya huzuni ndani ya FRELIMO. Alisema kuna kikundi kinachopendelea watu wa kusini. Alisema watu wanauawa ndani ya chama. Aliwataja viongozi wenzake kwa majina na kuwatuhumu kwa mambo mazito. Ilikuwa vita, Wareno walikuwa na majasusi kila mahali, na bomu la Februari halikuwa ndoto. Waraka wa namna ile ungeweza kukivunja chama. Nkavandame, kwa mfano, alikuwa amekwisha kwenda upande wa Wareno mapema mwaka huo. Hofu ya FRELIMO ilikuwa na miguu.

Lakini tuhuma za Simango zilikuwa za aina inayoweza kuchunguzwa. Aidha watu waliuawa, au hawakuuawa. Aidha upendeleo ulikuwepo, au haukuwepo. Alichopata ni kusimamishwa, kisha kufukuzwa, kisha kupewa jina. Na mtu akishapewa jina la msaliti hajibiwi tena, anasubiriwa tu. Miaka sita baadaye Nachingwea ikasikia jibu, likitoka kinywani mwake mwenyewe, akiwa mfungwa.

Kuna padre katika kisa hiki pia, na ndiye anayenisumbua zaidi. Padre Mateus Gwenjere alifika Dar es Salaam akawa na ushawishi mkubwa kwa wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini. Mwaka 1968 wanafunzi waligoma, na moja ya malalamiko lilikuwa walimu weupe. Walimu hao walikuwa Wareno wa kuzaliwa Msumbiji waliojiunga na FRELIMO kwa hiari yao, wakahatarisha maisha yao kwa ajili ya uhuru wa nchi ile. Hoja ya padre na wanafunzi wake haikuwa kwamba wanafundisha vibaya. Hoja ilikuwa rangi. Shule ikafungwa, na walimu wale wakatakiwa kuondoka Tanzania. Miaka michache baadaye Gwenjere mwenyewe alitekwa Nairobi, akaingia katika kundi lilelile la waliouawa pamoja na Simango. Sisemi alistahili. Hakuna aliyestahili. Nasema kwamba kipimo cha "huyu si mwenzetu" alichowapimia walimu wale ndicho alichokuja kupimiwa, na walioshika kibaba mara ya pili hawakuwa na huruma kuliko yeye.

Turudi kwenye Maandiko, maana Jumapili ni Jumapili. Soma Yohana sura ya 9 yote leo jioni, si kipande chake. Tunaipenda kwa sababu ya muujiza: kipofu tangu kuzaliwa amepata kuona. Ila muujiza unamalizika mapema, kufikia mstari wa 7. Mistari yote iliyobaki, zaidi ya thelathini, ni kesi. Wazazi wake wanaitwa. Wanajua kabisa mtoto wao alikuwa kipofu na sasa anaona, lakini wanasema aulizwe mwenyewe, ni mtu mzima. Yohana anatuambia sababu bila kuwatukana: ilikwisha kukubaliwa kwamba atakayemkiri Yesu kuwa Kristo atatengwa na sinagogi. Mzazi anamruka mwanawe kwa sababu ya kutolewa kwenye grupu. Naomba radhi kwa kulisema hivyo, lakini sinagogi lilikuwa ndiyo maisha: mazishi, harusi, mikopo, majirani.

Kijana anabaki peke yake na anajibu vizuri. Anasema jambo moja analijua, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Wanapozidi kumbana anawapa hoja: mtu asiyetoka kwa Mungu asingeweza kufanya hivi. Tazama wanavyomjibu katika mstari wa 34. Hawaigusi hoja. Wanamrudishia kuzaliwa kwake, kwamba amezaliwa katika dhambi tupu, halafu eti awafundishe wao. Kisha wanamtoa nje. Katika mstari mmoja tu una kila kitu kinachotokea kwenye mkutano wetu wa korosho.

Mstari wa 35 unasema Yesu alisikia kwamba wamemtoa nje, akaenda akamkuta. Siku moja nilimsikia mhubiri akisema Yesu yuko upande wa waliotengwa, nikaona amelirahisisha. Yesu hakuja na msafara wa kuwatoa nje wale Mafarisayo. Alimtafuta mtu mmoja, akazungumza naye, akamuuliza swali.

Mtu atasema: je, kila neno livumiliwe? Hapana. Kuna maneno yanayoua. Redio RTLM ya Rwanda iliwataja watu wawindwe mwaka 1994, na walioiendesha walijibu mashtaka Arusha, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa. Kesi yao ilianza mwaka 2000 na hukumu ikatoka Desemba 2003. Fikiri juu ya hilo. Watu walioshtakiwa kwa maneno mabaya kuliko yote yaliyosemwa Afrika Mashariki katika kizazi chetu walipewa mawakili na miaka mitatu ya kusikilizwa. Mwenyekiti wa kwaya aliyesema kwamba hesabu za harambee hazikai sawa hakupewa hata dakika tatu.

Kanisa, kwa hiyo, lisijifanye liko nje ya jambo hili. Mwaka 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka uliogusa hali ya nchi, uhuru wa watu na hofu. Serikali iliuliza kwa ukali. Barua ya msajili wa vyama ikataka ufutwe ndani ya siku 10, kisha waziri wa Mambo ya Ndani mwenyewe akaitangaza barua ile kuwa batili. Ilihitaji ujasiri kuandika waraka ule, na wengi wetu wa madhehebu mengine tuliusoma kwa heshima. Lakini maaskofu watatu hawakuusoma kwenye dayosisi zao, akiwamo Askofu Alex Malasusa wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani, nao wakatengwa na maaskofu wenzao. Yaani waraka uliotetea haki ya kusema ukawaadhibu walionyamaza.

Inawezekana walinyamaza kwa hofu. Inawezekana waliona waraka haufai kusomwa madhabahuni, na hayo nayo ni maoni. Ninachojua ni kwamba Agosti 2023 mkutano mkuu wa kanisa lilelile ulimchagua Malasusa kuwa Mkuu wa KKKT. Unaweza kuupenda uchaguzi ule au usiupende. Mimi naona jambo moja tu ndani yake: mlango haukuwa umepigwa misumari. Simango hakuachiwa mlango wowote.

Petro na Paulo nao walipita huko. Wagalatia 2 inaeleza kwamba Petro, pale Antiokia, alikuwa akila na watu wa Mataifa bila shida, mpaka walipofika wageni kutoka Yerusalemu. Akaanza kujitenga kwa kuwaogopa wenzake wa tohara. Barnaba akamfuata. Ni siasa za wetu na wao, zimeingia hadi kwenye sahani. Paulo akamwambia usoni, mbele ya wote, kwamba anachofanya hakiendani na Injili. Hakuzunguka. Lakini alizungumzia kitendo cha Petro, hakuhoji utume wake, na hakuandika kwamba Wagalilaya ndivyo walivyo. Kisha fungua 2 Petro 3:15 uone waraka wenye jina la Petro unavyomtaja Paulo. Unamwita ndugu mpendwa.

Nasikia mtu akisema haya ni mageni kwetu, sisi Waafrika tunasemeana kwa mafumbo. Si kweli, au ni nusu ya kweli. Kusini kwetu tuna utani. Msibani, wakati ndugu wote wamejiinamia na kumsifia marehemu kwa mambo ambayo hakuwahi kufanya, mtani anaingia, analala mahali pa marehemu, anadai deni lake la pombe na kutangaza ubahili wake mbele ya wajane. Watu wanacheka huku wanalia. Mtani hafukuzwi; anapewa chochote, na kesho yake ndiye anayesaidia kufukia kaburi. Wazee wetu walielewa kwamba ukoo unahitaji mtu mwenye leseni ya kusema, na kwamba leseni hiyo inapaswa kuwa mikononi mwa mtu wa kabila lingine. Tunasema watu wa nje hawana haki ya kutusema. Babu zetu waliwakabidhi kazi hiyo rasmi. Leo utani umebaki wa kwenye harusi na kwa washereheshaji wanaolipwa, na hauumi tena.

Wapo pia wanaojificha nyuma ya ukweli. Unamfahamu mtu huyu: anamwaga matusi kwenye grupu la ukoo, anafichua siri ya ndoa ya dada yake, halafu anasema "mimi ni mkweli tu". Ukimuuliza kama alimpigia simu dada huyo kwanza, hana jibu. Mathayo 18:15 inaanza na watu wawili peke yao, wewe na yeye. Mashahidi wanakuja hatua ya pili, kanisa hatua ya tatu. Sisi tunaanzia hatua ya tatu, na siku hizi kanisa lenyewe ni mamia ya watu wenye vifurushi vya intaneti. Na hata baada ya hatua ya tatu, anapohesabiwa kama mtu wa Mataifa na mtoza ushuru, ukumbuke aliyeandika Injili hiyo anatajwa ndani yake kuwa mtoza ushuru, na jinsi Yesu alivyowatendea watoza ushuru. Alikula nao.

Sura hiyohiyo ndiyo yenye wale wajoli wa mwanzo. Mtumwa mkali anapomkaba mwenzake na kumtupa gerezani, mstari wa 31 unasema wajoli wake waliona, wakasikitika sana, wakaenda kumweleza bwana wao yote yaliyotokea. Hawakumkimbia aliyefungwa. Hawakuuliza ni wa ukoo gani. Walisema walichokiona, kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kufanya jambo, na waliosema walikuwa wengi, si mmoja. Msemo wetu umekosea kwenye hesabu hiyo, au labda ulitungwa na mtu ambaye wajoli wake siku ile walibaki wamekaa.

Kabla ya minada ya korosho kufunguliwa mwezi Oktoba, vyama vya ushirika kutoka Ruangwa hadi Liwale huitisha wanachama. Yule mwanachama aliyezomewa mwaka jana kwa kuuliza makato, kama bado anakuja, atakaa nyuma, karibu na mlango. Kama umekaa karibu naye na unafahamu kwamba swali lake lilikuwa la haki, si lazima ulijue jibu. Nyoosha mkono uliulize tena, kwa maneno yaleyale, ukitaja kwamba ni swali la fulani na kwamba halikujibiwa.